Aliyeshuka na Jani

Mtu mmoja alikuwa na mmea ndani ya kopo la rangi. Aliuweka nje ya karakana yake mjini Dodoma, karibu na mlango, pale ambapo kivuli cha ukuta hakifiki mpaka saa nane mchana, na kila asubuhi aliumwagilia maji kabla hajanawa uso. Wapita njia waliuona kuwa pambo tu, majani marefu ya kijani yasiyo na ua wala harufu. Lakini mtu huyo, jina lake Ndekirwa, alikuwa Mchaga, mtoto wa mlimani, na watu wa kwao wakiuona mmea ule hawaulizi ni wa nini. Ni isale. Katika ukoo wao, aliyemkosea mwenzake kosa kubwa huchuma jani la isale, akalifunga fundo, akalipeleka kwa mikono yake mwenyewe mpaka mlangoni kwa yule mwenzake. Hasemi mengi. Hali chakula cha nyumba ile wala hanywi maji yake mpaka jani lipokelewe. Na aliyekosewa, hata kama moyo unamchemka, akishaletewa jani hana ruhusa ya kulikataa. Ndivyo walivyolelewa tangu kwa babu zao.

Sasa mtaniuliza, mtu mwenye dawa mlangoni, anaumwa nini tena? Ngojeni kwanza mlisikie kosa lenyewe.

Ndekirwa alikuwa kitindamimba, na mama yake alimpenda kama vitindamimba wanavyopendwa, yaani kupita kiasi. Kaka yake mkubwa, Anandumi, ndiye aliyebaki nyumbani kwenye kihamba, shamba la ukoo, katikati ya migomba, akimtunza mama. Mwaka mmoja wa mvua nyingi mama akaugua. Akakataa katakata kwenda hospitali mpaka amwone mwanawe wa mwisho. Anandumi akabembeleza, akachoka, akapiga simu Dodoma: njoo, mama atakusikia wewe. Ndekirwa akasema nakuja. Alikuwa fundi wa makochi, na juma lile alikuwa na seti ya watu wa harusi haijavishwa kitambaa. Simu ya pili akasema nakuja kesho. Simu ya tatu akasema keshokutwa bila kukosa. Siku ya tisa mama akafariki, uso ameuelekeza mlangoni.

Siku ya mazishi, kabla jeneza halijatolewa ndani, wazee wa ukoo wakauliza kwa nini mama huyu hakufikishwa hospitali. Ndekirwa aliona kama macho ya watu wote yanamjia yeye. Hofu ikampanda, na kabla hajajua atasema nini alikuwa amekwisha kusimama. Akasema yeye hakuambiwa lolote. Akasema kaka yake alimficha, na kwamba mama aliachwa aozee kitandani kama mtu asiye na watoto. Uongo ule ulitoka mzima mzima, hata mwenyewe akaushangaa. Anandumi alimtazama. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa koti, na ndani yake zimeandikwa zile simu tatu, siku na saa. Angeitoa tu, mambo yangeishia pale pale. Hakuitoa. Alichukua sepetu, akaenda na wenzake kumzika mama.

Tangu siku hiyo Anandumi akawa, kwa midomo ya watu, yule aliyemwacha mama yake afe. Kanisani wakamvua uzee wa kanisa. Krismasi ilipofika, nyama ilipogawanywa kama inavyogawanywa kwao, kila mtu kipande chake kwa nafasi yake katika ukoo, kipande cha mkubwa wa nyumba akapewa binamu. Anandumi alipewa mbavu mbili kama mtu aliyepita njia. Habari hizo zote zilimfikia Ndekirwa, moja baada ya nyingine, maana habari za nyumbani hazikosi mtu wa kuzileta. Na ukweli waliujua watu wawili tu waliokuwa hai, yeye na kaka yake.

Ndipo akaupanda ule mmea kwenye kopo. Alijua dawa ni ipi. Tatizo lilikuwa njia. Kulipeleka jani ni kupanda mlima, kupita kwenye nyumba za watu wanaokujua tangu ukitambaa, kusimama mlangoni na kusema kwa nini umekuja. Usiku haukumtisha, mbwa hawakumtisha, lakini kizingiti kile kilimshinda.

Mnawajua Wachaga na Krismasi. Ikifika katikati ya Desemba, miji wanayofanyia kazi haiwaoni tena. Maduka yanafungwa, mabasi yanajaa, kila aliye na kwao anapanda kwao. Ndekirwa naye kila mwaka alijiandaa kupanda. Krismasi ya kwanza alichuma jani, akaliona ncha yake imekauka, akasema jani la namna hii ni dharau, nitakwenda mwakani na jani zima. Krismasi ya pili jani lilikuwa zima, lakini alipolifunga fundo alilivuta mno, likapasuka, akaona ni ishara mbaya. Krismasi ya tatu alifika hadi stendi na mke na mtoto na mabegi, jani limeviringishwa kwenye gazeti lililoloweshwa maji, na basi lilipopiga honi ya kuondoka akasema mtoto ana homa. Mtoto hakuwa na homa. Walirudi nyumbani wakila chapati baridi walizofungasha za safarini. Majani yote matatu hakuthubutu kuyatupa. Aliyaficha katikati ya kurasa za Biblia yake, yakakaukia humo, na kwa ajili hiyo Biblia yenyewe akaacha kuifungua.

Na kila mwaka mpya aliapa. Tarehe mosi Januari alikuwa mtu wa kwanza kanisani, akasimama na wanaoweka nadhiri, akasema moyoni, mwaka huu haupiti. Kufika Machi alikuwa amekwisha kupata sababu.

Mke wake, Felista, alikuwa Mnyiramba wa Singida. Aliolewa mwaka uleule wa msiba, baada ya mazishi, na aliambiwa tu kwamba ndugu hawa wawili wana mambo yao ya ukoo. Hakuchimba, lakini hakuwa mjinga. Mara nyingi alimuuliza mumewe mtoto wao atapajua lini kwao, na kila mara alijibiwa ngoja kwanza. Walikuwa na binti wa miaka mitatu, Ndeshi, jina la marehemu bibi yake. Fikirini mateso hayo. Kila alipomwita mwanawe aje kula, Ndekirwa alikuwa akimwita mama yake.

Mwaka wa nne, mapema Desemba, mtu wa kwao aliyekuwa akipanda mlimani alipitia karakana kumuaga. Akamwambia, kama mtu anayesimulia hali ya hewa, kwamba Anandumi amekonda sana, kwamba watoto wake wanazomewa kisimani, na kwamba siku ya mwaka mpya, baada ya ibada, ukoo utakaa kumwondoa kabisa katika ukubwa wa nyumba na kulifunga jambo hilo daima. Ndekirwa akaendelea kupigilia misumari. Alipigilia misumari sita mahali panapotakiwa miwili. Mtu yule alipoondoka, alikaa chini kwenye vumbi la mbao na kuanza kuhesabu siku kwa vidole. Alijua sasa kwamba asipopanda mwaka huu, uongo wake utapigwa muhuri, na kaka yake atakufa nao.

Basi alipanda? Hakupanda. Msicheke, maana sisi sote tuna stendi tuliyowahi kuikimbia. Tarehe ishirini na mbili alisema ataondoka ishirini na tatu. Ishirini na tatu alisema mabasi yamejaa. Ishirini na nne alichuma jani, akalitazama mbele na nyuma, halina kasoro hata moja, na hapo ndipo alipogundua kwamba kasoro haikuwa kwenye jani tangu mwanzo. Alilia, mtu mzima na ndevu zake. Kisha akalirudisha jani juu ya meza na kuliacha pale.

Asubuhi ya Krismasi alimwambia Felista waende kanisani, yeye kichwa kinamuuma. Felista alikuwa ameshabandika nyama ya pilau jikoni, akasema basi nasi hatuendi, hatuwezi kusherehekea kiti chako kikiwa kitupu. Ndekirwa akaingia karakana, iliyoungana na nyumba kwa mlango wa nyuma, akajifungia. Kanisa halikuwa mbali. Kwaya ilikuwa ikiimba habari za mtoto aliyezaliwa na za mbingu zilizofunguka, naye alisikia kama mtu anayesikia sherehe ya nyumba ya jirani ambayo hakualikwa.

Ilikuwa yapata saa tatu alipochungulia kwenye ufa wa mbao na kumwona mtu anakuja kwa miguu, ametapakaa vumbi, amevaa koti ambalo Ndekirwa alilijua. Lilikuwa koti la marehemu baba yao. Ndani yake alikuwa Anandumi, mwembamba kuliko alivyosimuliwa, na chini ya kwapa amebana kitu kirefu kilichofungwa kwenye gazeti.

 Ndekirwa alijua siku hiyo hakuna Mchaga anayeshuka kutoka mlimani. Mabasi yote yanapanda yamejaa, yanashuka matupu. Mtu akishuka siku ya Krismasi, akaacha nyumba yake na nyama yake, ana jambo zito sana la kuja kulimaliza. Akawaza ni barua ya ukoo. Akawaza ni panga. Akawaza hata simu ile, sasa imekuja kusomwa mbele ya mke wake. Pale katikati ya karakana palikuwa na fremu kubwa ya kochi la watu watatu, mbao tupu, haijavishwa kitu. Ndekirwa alirudi nyuma yake akachuchumaa. Kupitia mlango wa nyuma akamnong'oneza Felista aseme amesafiri.

Felista hakuupenda ujumbe huo, ila aliufikisha. Anandumi akaitikia kwa upole. Akasema hana haraka, atangoja hapo hapo mpaka ndugu yake arudi. Kisha akaketi chini kwenye kizingiti cha karakana, mgongo wake ukiegemea mlango uleule ambao nyuma yake mdogo wake alikuwa amejificha. Kati yao palikuwa na ubao wa unene wa kidole.

Saa nne ikapita. Saa tano. Jua la Dodoma mnalijua, halina huruma na mtu wa mlimani. Ndekirwa alikuwa akisikia kila kitu, kikohozi cha kaka yake, gazeti likichakarika, Ndeshi akitoka ndani na kumuuliza mgeni jina lake. Alimsikia kaka yake akimuuliza mtoto naye anaitwa nani. Mtoto akajibu. Hapo Ndekirwa aling'ata mkono wake mwenyewe ili asitoe sauti. Miguu ilikuwa imemfa ganzi. Aliomba, lakini ombi lake lilikuwa moja tu, kwamba kaka yake achoke aende zake.

Hakuchoka. Saa saba Felista akaingia karakana kwa mlango wa nyuma, na safari hii hakunong'ona. Alikuwa na hasira ya mwanamke aliyepika. Akasema yeye hajui walikosana nini, lakini amempelekea mgeni kiti akakikataa, amempelekea pilau akalikataa, amempelekea maji mara tatu na mara tatu ameshukuru na kuyarudisha, na midomo imemkauka mpaka inapasuka. Akasema kama shemeji anawachukia kiasi cha kutokunywa maji yao, amekuja kufanya nini? Kisha akasema jambo ambalo kwake lilikuwa dogo. Akasema mgeni ameketi tu, amekifungua kile kigazeti chake, ana jani magotini, limefungwa fundo, kama yale makavu uliyoyaficha kwenye Biblia.

Ndekirwa alidhani hakusikia vizuri. Akamtaka arudie. Felista akarudia, jani, fundo.

Jamani, kichwa kilimzunguka. Hajala. Hajanywa. Ameketi chini. Alizijua alama zote hizo tangu utotoni, lakini zilikuwa zimevaliwa na mtu asiyepaswa kuzivaa. Aliyekosewa habebi jani. Aliyekosewa hukaa nyumbani kwake akangoja, ndiyo haki yake, ndiyo heshima pekee aliyobakiwa nayo. Tangu ukoo ule uitwe ukoo hakuna aliyewahi kusikia jani linatembea kutoka upande ule. Akawaza labda kaka yake amechanganyikiwa kwa jua. Akawaza labda ni mtego. Lakini miguu, ambayo kwa miaka mitatu ilikataa kupanda basi, ilikuwa imekwisha kunyanyuka, na mkono ulikuwa kwenye komeo.

Alifungua. Anandumi aliyumba kidogo kwa kupoteza egemeo, akageuka, akapiga magoti pale pale kizingitini. Alilishika jani kwa mikono miwili. Lilikuwa jani bovu, kwa kweli. Safari ilikuwa imelikunja, ncha imevunjika, vumbi limeingia kwenye fundo.

"Nimekungoja Krismasi tatu," alisema. "Nimeona huwezi kupanda. Basi nimeshuka mimi."

Ndekirwa alishindwa kunyoosha mkono. Akasema kwa sauti iliyokatika, "Kaka, jani hili silo lako. Mwenye kosa ni mimi."

"Najua," alisema Anandumi. "Lishike."

Akalishika. Alipolishika naye akapiga magoti, wakawa wote wawili chini, na kilio kilichomtoka Ndekirwa kilikuwa kile alichokizuia siku ya mazishi. Ndeshi akaanza kulia naye bila kujua kwa nini. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeanza kufika mlangoni. Anandumi akamgeukia Felista, akamwomba maji. Alikunywa bilauri nne mfululizo, ndipo akaomba pilau, nalo likiwa limepoa alilisifu sana.

Mngependa niishie hapo, naona nyuso zenu. Lakini kupokea jani kulimaliza jambo la ndugu wawili, hakukumaliza uongo uliokuwa bado umesimama mlimani na miguu yake. Hofu ya Ndekirwa haikutoka siku ile. Ilibadilika tu. Mwanzo alikuwa akiogopa akiwa peke yake, sasa aliogopa akiwa na mtu pembeni. Siku mbili baadaye wakapanda, wote wanne, na kopo la rangi likiwa miguuni pa Ndekirwa. Njia nzima alikuwa akitokwa na jasho. Karibu na Babati aliomba ashuke, akasema amesahau kufunga karakana. Anandumi hakumbishia. Alisema tu kwamba akishuka naye atashuka, na watatembea pamoja kwa kadiri watakavyoweza. Ndekirwa akarudi kwenye kiti.

Siku ya mwaka mpya, ibada ilipomalizika na ukoo wote bado umo kanisani, akasimama.  Akazisema zile simu tatu, siku ya kwanza, siku ya tano, siku ya saba. Akalisema na kochi la watu wa harusi. Muda wote huo Anandumi alikuwa amesimama kando yake, bega kwa bega, hata mgeni aliyeingia kwa kuchelewa asingejua ni nani kati yao anayeungama. Wengine walilia. Shangazi yao mmoja alitoka nje bila kumsalimu Ndekirwa, na mpaka leo humsalimu kwa shida. Kikao cha ukoo hakikukaa. Jioni ile ndugu wawili walichimba shimo karibu na kaburi la mama, wakapasua lile kopo, wakaupanda mmea mahali ambapo ungestawi kwa mvua tu.

Ndekirwa bado ni mwoga. Ukimkuta karakana atakwambia mwenyewe kwamba kila Desemba hofu humjia, na kila Desemba hupanda basi nayo hivyo hivyo. Katika Biblia yake, ambayo siku hizi huifungua, majani ya zamani ameyatoa. Limebaki moja lenye ncha iliyovunjika.

Nanyi mnaoumaliza mwaka na jani zuri mezani, mkingoja mstahili kwanza ndipo muanze safari: ikiwa aliyekosewa amekwisha kushuka, na tangu asubuhi ameketi kizingitini hajaonja hata maji, ninyi mnajificha nyuma ya nini?